Kutoka Dar es Salaam hadi Mbamba Bay: Hesabu ya Umbali wa Anga na Muda wa Safari

Umbali wa anga kati ya miji miwili hupimwa kwa kufuata duara kuu, yaani duara linaloizunguka dunia na ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe, kwa kuwa kipande cha duara hilo ndicho njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe. Kwa safari isiyo ndefu sana na iliyo karibu na ikweta, kama ile ya Dar es Salaam hadi Songea, ambako hushukia abiria wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, hesabu hiyo hurahisishwa kwa pembetatu ya kawaida.

Kiwanja cha Julius Nyerere kipo karibu na latitudo 6.88 kusini na longitudo 39.20 mashariki, na cha Songea karibu na 10.68 na 35.58. Tofauti ya latitudo, nyuzi 3.80, ikizidishwa kwa kilomita 111.2 za kila nyuzi hutoa kilomita 423. Tofauti ya longitudo, nyuzi 3.62, hupunguzwa kwanza kwa kosaini ya latitudo ya katikati, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoelekea kwenye ncha za dunia, na hivyo hutoa kilomita 398. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali ni takriban kilomita 580. Barabara ya lami kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe hufikia kilomita 950 hivi, kwani huzunguka mapori ya Rufiji na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo ndege huyapita kwa juu.

Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8 Q400, ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2016, ikikadiriwa kwenda kilomita 600 kwa saa, hutumia dakika 58. Zikiongezwa dakika 20 za kutembea kiwanjani, kupaa na kushuka, jumla huwa saa 1 na dakika 18. Upepo wa kusi hauibadilishi sana hesabu hii, kwa kuwa hutoka kusini-mashariki ilhali ndege huelekea kusini-magharibi, kwa hiyo huipiga ubavuni: rubani hugeuza pua kidogo kushoto, na kasi hupungua kwa kilomita chache tu.

Safari ya msafiri wa ziwani, hata hivyo, haiishii Songea. Zimebaki kilomita 100 hivi hadi Mbinga, kisha 66 za kuteremka milima ya Matengo hadi Mbamba Bay, ambazo kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa huchukua saa 2 na dakika 46. Kwa hiyo sehemu ya nchi kavu, iliyo chini ya robo ya umbali wote, hula theluthi mbili ya muda, bila kuhesabu saa za kusubiri kiwanjani.

Ndege ikiongezewa kasi ya kilomita 100 kwa saa, abiria huokoa dakika 8. Gari likiongezewa kilomita 10 tu, huokoa dakika 24. Kwa mwambao wa Nyasa, basi, lami iliyofika Mbamba Bay ina uzito mkubwa katika ratiba ya safari kuliko injini yoyote mpya ya ndege.