Nyanya ni Tunda au Mboga? Swali Lenyewe Bovu

Kila chemsha bongo mtu lazima arushe hili, mnagawanyika timu mbili. Raha ipo, sikatai. Ila Timu Tunda, msishangilie bado. Kibotania nyanya ni tunda kweli: imetokana na ovari ya ua, imebeba mbegu. Lakini botania haina kundi liitwalo "mboga". Hilo ni neno la jikoni. Ndiyo maana swali halishindiki, linapima kwa mizani mbili tofauti. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua nyanya ni mboga, kisa ushuru: sheria ya 1883 ilitoza mboga kutoka nje asilimia 10. Na wewe unayebisha, jana ugali ulikula na mboga gani? Dagaa, si ndiyo?