Silabasi kama Matini: Kozi ya Ushairi wa Kiswahili katika Mfumo wa Moodle

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuichukulia silabasi kuwa jambo la utawala. Huandikwa kwa haraka mwanzoni mwa muhula, hupitishwa na idara, kisha huwekwa kando ili kazi yenyewe ya uhakiki ianze. Mazoea haya yanashangaza, hasa nchini Kenya, ambako mojawapo ya matini zilizoathiri sana mkondo wa uhakiki ilihusu mtaala. Tarehe 20 Septemba 1968, Kaimu Mkuu wa Idara ya Kiingereza katika chuo kilichokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi aliwasilisha waraka mbele ya bodi ya Kitivo cha Sanaa. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kuujibu, wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pachukuliwe na idara itakayoiweka Afrika katikati na kuipa fasihi simulizi nafasi inayostahili. Waraka wao ulichapishwa baadaye katika kitabu cha Ngũgĩ, Homecoming (1972). Kilichobishaniwa siku hizo hakikuwa riwaya wala tamthilia. Ilikuwa ni orodha ya kazi za kusomwa na mpangilio wake: ipi itangulie, ipi ifuate, na kwa sababu gani.

Makala haya yanaichukua hoja hiyo na kuielekeza kwenye silabasi ya aina nyingine, yaani ile inayoundwa ndani ya mfumo wa kusimamia masomo mtandaoni. Mfumo unaoangaliwa zaidi ni Moodle, uliobuniwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na ambao toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Programu yake haina ada ya leseni, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake katika vyuo vikuu vya Afrika, vya Kenya vikiwemo. Kufungwa kwa vyuo mnamo Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona kuliwalazimisha hata wahadhiri waliokuwa wakiukwepa kuingia humo. Linalodaiwa ni kwamba umbo la mfumo huu si kapu tupu la kubebea silabasi. Silabasi ya karatasi ilikuwa utungo uliosomwa mzima na uliweza kupingwa. Ndani ya mfumo inaelekea kuwa msururu wa vyumba ambavyo msomaji hufunguliwa kimoja baada ya kingine.

Kwanza yafaa kueleza ni kwa maana gani silabasi ni utungo. Ina mtunzi, ambaye ni mhadhiri, na ina msomaji anayekusudiwa. Ina msuko pia, kwa kuwa kupanga kazi za fasihi katika mfuatano fulani ni kusimulia hadithi fulani juu ya fasihi hiyo. Mfano ulio wazi ni mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa wakati mshairi huyo akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, ilichapishwa mwaka 1973. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka uliofuata. Mhadhiri akiziweka diwani hizi katika wiki moja, anamwambia mwanafunzi kwamba hizi ni sauti mbili za zama moja, moja ikishika vina na mizani katika lahaja ya Kimvita na nyingine ikiviacha, na kwamba zote mbili zina ghadhabu ya kisiasa. Akiitia ya kwanza chini ya kichwa "Ushairi wa Jadi" katika wiki ya 4, na ya pili chini ya "Ushairi Huru" katika wiki ya 11, anasimulia hadithi nyingine kabisa: kwamba kulikuwa na zama za kale, zikapita, kisha ukaja usasa. Hadithi hii ya pili ni potofu, nayo imekaririwa mno. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna sentensi hata moja ya silabasi inayoitamka. Inasemwa na mpangilio peke yake.

Sasa na utazamwe utaratibu wa kuunda kozi hiyo hiyo katika Moodle. Mhadhiri hutakiwa kuandika jina kamili la kozi na jina lake fupi, kutaja tarehe ya kuanza, kisha kuchagua muundo. Akichagua muundo wa wiki, mfumo hugawa muhula katika sehemu za siku saba saba kuanzia tarehe ile, na kila sehemu huitwa kwa tarehe zake. Hapo ndipo hasara ya kwanza inapoingia, tena kimyakimya. Kichwa cha sehemu, ambacho katika silabasi ya karatasi kilikuwa mahali pa hoja, sasa kimeshikwa na kalenda. Mfumo unaruhusu kichwa hicho kibadilishwe, na upo muundo mwingine unaofuata mada badala ya wiki. Lakini kisichodaiwa hakifanywi, na kozi nyingi hubaki na tarehe zake tupu.

Hasara ya pili ni ya vipimo. Utenzi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina beti zinazokaribia 80 tu, lakini kila ubeti unadai kusomwa upya, maana magofu ya Pate yanayosawiriwa humo ni mahali halisi na ni hali ya nafsi kwa wakati mmoja. Mbele ya Moodle tungo hizi ni visanduku viwili vilivyo sawa, kila kimoja na faili lake na kiungo chake. Karatasi nayo ilikuwa na jedwali la wiki, hilo halikataliki. Hata hivyo, jedwali la karatasi lilizungukwa na nathari: aya ya utangulizi, maelezo ya malengo, pengine dokezo la mhadhiri lililosema kwamba utungo huu utarejelewa hadi mwisho wa muhula. Mfumo umeitengea nathari hiyo uga wa muhtasari ambao mwanafunzi aliyekwisha kuingia katika kozi hana haja ya kuupitia.

Lililo zito zaidi ni suala la kuficha. Moodle humwezesha mhadhiri kuificha sehemu yoyote, au kuifunga hadi tarehe fulani ifike, au hadi mwanafunzi akamilishe zoezi lililotangulia. Katika riwaya mbinu hii ingeitwa taharuki na kusifiwa. Katika silabasi inamnyima msomaji haki ya kuona nzima. Mwanafunzi anayeiona wiki ya 3 peke yake atasoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na atauhakiki kwa bidii. Anayeziona wiki zote 14 kwa pamoja anaweza kuuliza swali ambalo mwenzake hana njia ya kulifikia: je, kwa nini mwanamke huyu ndiye pekee katika kozi nzima? Na kwa nini utendi wake umewekwa chini ya "Mawaidha" ilhali tungo za wanaume zenye mawaidha vilevile zimewekwa chini ya "Falsafa"? Uhakiki wa aina hii ndio uliofanywa mwaka 1968, na uliwezekana kwa kuwa pendekezo lote lilikuwa mezani.

Hapa pana kinaya kisichostahili kupuuzwa. Waundaji wa Moodle wametangaza kwamba mfumo wao umejengwa juu ya nadharia ya ujifunzaji isemayo kuwa maarifa hujengwa na watu kwa pamoja, kila mmoja akiwatengenezea wenzake kitu cha kutazamwa. Ilhali uwezo wa kuhariri sehemu za kozi hupewa yule aliyesajiliwa kama mwalimu. Mwanafunzi, kwa nafasi aliyopewa, hawezi kuhamisha hata mstari mmoja. Nadharia ni ya baraza, muundo ni wa mimbari.

Kadhalika kuna suala la kunakili. Muhula mpya ukianza, mhadhiri huweza kuiingiza kozi ya mwaka uliopita katika kozi mpya kwa mibofyo michache, na tarehe zikasogea zenyewe. Wanakili wa tenzi za Waswahili nao walirithi kazi za wengine, lakini walirithi kwa namna nyingine. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyewanakilia tungo nyingi William Hichens na wasomi wengine wa Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, anajulikana kwa mwandiko wake na kwa mkono wake. Wahakiki wanaweza kulinganisha nakala na kujua tofauti zilikoingia. Kozi iliyonakiliwa katika mfumo haina mkono. Anayeirithi hana habari ni nani aliyeamua kwamba Muyaka bin Haji atasomwa wiki moja tu, wala kama uamuzi huo ulikuwa wa kitaaluma au ulitokana na mgomo uliokula wiki mbili za mwaka fulani.

Ukurasa wa maandishi katika Moodle ukihaririwa, maneno mapya hufuta ya zamani na msomaji haoni kilichokuwapo. Utungo unaweza kuondolewa wiki ya 9 na mwanafunzi asiweze kuthibitisha kwamba uliwahi kuahidiwa.

Canvas, mfumo wa Kimarekani ulioanza kutumika mwaka 2011, umelifikisha jambo hili mbali zaidi. Una ukurasa maalumu wa silabasi, ambao sehemu yake ya juu huandikwa na mhadhiri, ilhali jedwali la chini hutolewa na mfumo wenyewe kutokana na kazi za kutahiniwa na matukio ya kalenda. Shairi lililokusudiwa kusomwa tu, bila alama wala tarehe ya kuwasilisha kazi, halimo katika jedwali hilo. Mwanafunzi mwenye kufuata jedwali atahitimisha, na hatakuwa na kosa, kwamba shairi hilo si sehemu ya kozi.

Haifai kudhani kwamba karatasi haikuwa na dosari. Haikuweza kubeba sauti. Utenzi ni wa kughaniwa, na kizazi kizima cha wanafunzi kimesoma tungo za pwani kama herufi zilizopigwa chapa, bila kuzisikia. Moodle inapokea rekodi ya mghani na kuiweka kando ya matini, na mwanafunzi aliye mbali na chuo, akiwa na simu na bando, anaisikiliza. Madai ya mwaka 1968 kuhusu fasihi simulizi yamepata hapa chombo ambacho waandishi wa waraka ule hawakuwa nacho. Vilevile, mfumo huo huo una wiki ya pamoja na faharasa ambazo wanafunzi wanaweza kuziandika, na ile ya kwanza huhifadhi kila toleo la awali. Orodha ya tungo na sababu za kuchaguliwa kwake zikiwekwa humo tangu siku ya kwanza, kila badiliko litaonekana pamoja na jina la aliyelifanya, na mwanafunzi ataweza kuongeza utungo na kuutetea. Nyenzo zipo, ni nadra kozi ya fasihi kuzitumia kwa kazi hiyo.

Linabaki suala la kumbukumbu, ambalo idara za fasihi hazijalijadili vya kutosha. Waraka wa 1968 unasomwa hadi leo kwa kuwa ulipigwa chapa ukahifadhiwa. Kozi za mtandaoni hufichwa muhula ukiisha, na mara nyingi wanafunzi huondolewa katika orodha ya wenye ruhusa. Mtafiti wa uzamifu atakayetaka kujua ushairi wa Kiswahili ulifundishwaje nchini Kenya mwaka 2020, mwaka ambao ufundishaji ulihamia mtandaoni kwa ghafla, atalazimika kuanza kwa kumwomba msimamizi wa mfumo amfungulie kozi, iwapo bado zimo.