Punda wa Moone

Msalaba wa Moone, kule Kildare nchini Ireland, nimeuona kwenye simu tu, tena kioo chake kina ufa. Ni jiwe la itale, refu zaidi ya mita 5, lilichongwa miaka zaidi ya 1000 iliyopita penye monasteri. Chini yake kuna picha ya kukimbilia Misri: punda, mama na mtoto juu yake, Yosefu anaongoza. Basi. Askari wa Herode hayupo, machozi hayapo, hata Misri yenyewe haipo.

Mwenzangu aliiona akacheka. "Watu gani hawa, kama masanduku!" Akanionyesha msalaba wa Muiredach, ule wa Monasterboice, ambako nguo zina mikunjo na watu wana masharubu. Ufundi mkubwa, sibishi. Ila ule ni jiwe la mchanga, na itale ni gumu, halitaki mapambo madogomadogo. Hata hivyo sitaki kumtetea fundi wa Moone kwa ugumu wa jiwe peke yake. Naona alichagua.

Sisi tunapigwa picha sana. Kila anayekuja na kamera anatafuta anayelia. Usiku ule tulipotoka nyumbani mimi sikuona mtu analia. Niliona mgongo wa baba akisukuma baiskeli, mama amekaa nyuma, mdogo wangu kifuani. Nani anaongoza, nani amebebwa: safari yote ilikuwa hiyo. Fundi huyu kaipata bila kuongeza kitu.

Sasa mitume 12. Wamepangwa safu tatu, wanne wanne, vichwa vikubwa, miili ya mraba, mikono hakuna. Watu wengi wanawapenda hao kuliko sehemu nyingine yoyote ya msalaba. Mimi wananisumbua. Nikiwatazama nakumbuka siku ya kuhesabiwa, tumesimama mistari, karani anapita na kalamu, hainui macho. Petro ni yupi pale? Huwezi kumjua. Na usiniambie fundi alikosa nafasi, kwa sababu kwenye muujiza wa mikate, jiwe hilohilo, ametoa mikate 5, samaki 2, halafu akaongeza mikunga 2, wale samaki warefu kama nyoka, ambao Injili haikuwataja kabisa.

Mikunga kapata nafasi ya kuichonga. Mikono ya Petro, hapana.