Lebo Iliyo Chini ya Mbawakawa

Katika mkusanyo wa wadudu wa chuo kikuu chochote, maandishi yanayotegemewa kuliko yote ndiyo mafupi kuliko yote: kikaratasi cha urefu wa kama sentimita mbili, kilichochomwa na pini ileile iliyomchoma mdudu. Kina mistari minne, ikizidi mitano. Hakina kitenzi wala kivumishi. Mhakiki wa mashairi angekipita, na angepitwa na jambo, maana ni nadra kukuta utanzu ambao kanuni zake za umbo zinashikwa kwa ukali namna hii na watu wasiojiona kuwa waandishi.

Tuseme mbawakawa amenaswa usiku chini ya taa huko Makomeno, Lubumbashi, mwezi wa Novemba mvua zinapoanza. Lebo yake leo ingeanza na nchi, ishuke hadi mkoa, mji na mtaa, kisha mwinuko, tarehe, namna alivyonaswa, na mwisho kabisa jina la mkusanyaji. Macho ya msomaji yanatoka penye upana na kufika penye wembamba, mpaka yanasimama chini ya taa ileile. Tarehe nayo ina hila yake: siku huandikwa kwa tarakimu za kawaida, mwezi kwa za Kirumi. 5.XI haiwezi kusomwa kuwa tarehe 11 Mei, awe msomaji ni Mmarekani au Mbelgiji. Mashairi machache yanajua kujikinga na msomaji mzembe kwa herufi mbili tu.

Lakini mstari wa kwanza, ule wa nchi, ndio unaosumbua. Mbawakawa wa aina moja, akinaswa mahali pamoja, mwaka 1935 angeandikiwa Congo Belge, Elisabethville. Baada ya 1966 angekuwa wa Lubumbashi. Miaka ya utawala wa Mobutu ingempa Zaire, na mkoa wa Shaba. Tangu 2015 ni wa mkoa wa Haut-Katanga. Mdudu hajasogea hata hatua. Chuo kikuu cha mji huo nacho kimepita njia hiyohiyo: kilifunguliwa 1956 kikiwa chuo rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, 1971 kikamezwa na chuo kikuu cha taifa cha Zaire, na 1981 kikaibuka kuwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Unilu. Mhifadhi mwenye bidii mbaya hutamani kung'oa lebo ya zamani na kuandika upya. Hilo ni kosa lisilorekebishika, kwa sababu aina ya karatasi, mwandiko na jina la kikoloni ni ushahidi wa nani alinasa na lini. Tafsiri ya jina huwekwa kwenye lebo nyingine, chini ya ile ya kwanza.

Linganisha mitindo miwili ya lebo za Katanga, eneo la mji huu. Wa kwanza ni wa Charles Seydel, aliyeishi Elisabethville na kukusanya vipepeo kwa miaka mingi; spishi kadhaa zimepewa jina la seydeli kwa heshima yake. Katika mtindo huo, mahali pananenwa kwa neno moja: Elisabethville. Ni ufupi wa mtu aliyeko nyumbani, anayedhani kila msomaji anajua pori linaanzia wapi. Leo neno hilo ni pana mno. Je, ni miombo ya Kasapa, ukingo wa mto, au bustani ya mtu? Makomeno imefichwa humohumo ndani, pamoja na kila mtaa mwingine.

Mtindo wa pili ni wa msafara wa G. F. de Witte katika Hifadhi ya Upemba, 1946 hadi 1949. Lebo zake zilipigwa chapa: herufi za hifadhi, P.N.U., jina la kituo kama Lusinga au Mabwe, mwinuko kwa mita ndani ya mabano, tarehe, jina la msafara, na namba. Namba hiyo ndiyo iliyoleta mapinduzi ya umbo. Inafungua mlango wa daftari, na kupitia daftari wadudu walionaswa siku moja mahali pamoja wanaungana tena, hata kama inzi yuko kabati moja na nyigu lingine. Kwangu mimi huo ndio mtindo bora uliowahi kutumika Katanga. Una doa moja kubwa. De Witte alikuwa mtaalamu wa nyoka na vyura. Msafara mzima umeingizwa ndani ya jina lake, na mikono iliyoshika nyavu haionekani popote kwenye karatasi.

Chini ya lebo ya mahali huja ya utambuzi: jina la Kilatini, mtaalamu aliyelitoa, mwaka. Akija mwingine asiyekubaliana naye, haiondoi. Anachoma yake chini. Baada ya miaka sitini pini moja inaweza kubeba mabishano ya watu watatu ambao hawakuwahi kuonana. Na iwapo mdudu huyo ndiye kielelezo ambacho jina la spishi lilijengwa juu yake, huongezewa lebo nyekundu, na hapo rangi peke yake inasema kwamba sanduku likiungua, huyu atolewe kwanza.

Yote haya yanasimama juu ya utunzaji, ambao ni kazi ya jasho. Mbawakawa mdogo wa jenasi Anthrenus akipenya ndani ya droo, mabuu yake hula kielelezo mpaka unga, na kuacha pini na lebo zikieleza habari za mtu asiyekuwapo. Pini za zamani za shaba ya njano huota kutu ya kijani zinapogusana na mafuta ya mdudu, hadi mwili unapasuka. Katika mji ulioneemeka kwa shaba, hiyo ni kejeli ya bei ghali. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya chupa ya alkoholi, kwa hiyo huko hutumika penseli au wino wa kaboni. Dhidi ya Anthrenus, naftalini hufukuza tu, haiui, na harufu yake inamdhuru anayeshinda humo. Dawa nzuri ni kugandisha droo kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja au mbili mfululizo, na hapo ndipo kukatika kwa umeme Lubumbashi kunapogeuka kuwa suala la sayansi.

Kasoro ya utanzu wenyewe inaonekana wazi kwenye finkubala, yaani viwavi wanaoliwa. Chuo cha Lubumbashi kilianza mapema kuwachunguza. Mzunguko wa maisha wa Elaphrodes lactea ulichapishwa huko 1970, na François Malaisse akaendeleza utafiti huo kwa miaka mingi. Mama anayeuza finkubala sokoni anajua wametoka mti gani. Lakini kiwavi huyo akishakuwa nondo na kunaswa kwenye taa, hana mti. Lebo ya kawaida haina hata mstari wa mti, wala wa jina la kienyeji, na tusisingizie ufinyu wa karatasi: mwinuko umepata nafasi yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Unilu akimleta mbawakawa yule wa Makomeno, aandike lebo mbili. Ya kwanza iwe kavu kama ya Upemba, na namba ya daftari. Ya pili iwe na jina ambalo jirani anamwita, mti au taa alipoonekana, na baada ya neno "mkusanyaji", jina la mtoto aliyemkamata kwa mkono.