Matoleo Mawili ya Frankenstein Mbele ya Mwanafunzi

Riwaya za Kiingereza za zama za Uromantiki, zama zilizoanza karibu na mwisho wa karne ya 18, aghalabu huwafikia wanafunzi wa shahada ya kwanza zikiwa zimekwisha kuhukumiwa. Mfano ulio wazi ni Frankenstein ya Mary Shelley. Mwanafunzi huingia darasani akilijua jina kabla ya kukijua kitabu. Tena hulidhani ni jina la zimwi, kumbe ni la Victor aliyeliumba, na kiumbe mwenyewe hakupewa jina lolote. Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 ilimwonyesha kiumbe huyo akinguruma tu. Katika riwaya ni msemaji hodari: alijifunza lugha kwa kuichungulia na kuisikiliza kwa siri nyumba ya ukoo wa De Lacey, akasoma Milton na Plutarch, kisha akajitetea mbele ya muumba wake kwa hoja zisizopuuzika.

Kuliondoa kosa la filamu ni kazi nyepesi. Kazi nzito huanza mhadhiri anapouliza: nani mwenye hatia ya damu iliyomwagika, kiumbe au Victor? Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiswahili analo jibu tayari: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Victor alimkimbia kiumbe wake usiku uleule alipompa uhai. Ulimwengu ukamfunza kwa mawe na kwa risasi. Methali hiyo yafaa, lakini kwa kuwa yafaa upesi mno, humfanya mwanafunzi afunge kitabu mapema. Kwanza ingempasa aulize: Victor huyo ni wa kitabu kipi?

Maana vitabu ni viwili. Cha kwanza kilitoka London mwaka 1818 katika juzuu 3, bila jina la mtungaji, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20. Cha pili ni toleo la mwaka 1831, la juzuu 1, lililopitiwa upya na mtungaji mwenyewe, naye alikuwa mjane aliyekwisha kufiwa na watoto watatu. Katika toleo la 1818 Victor huchagua: angeweza kuacha, wala hakuacha. Katika lile la 1831 kudura imetiwa nguvu, na Victor husimulia kana kwamba maangamizi yake yalikwisha kuandikwa kabla hajatia mguu katika chuo cha Ingolstadt. Elizabeth naye, aliyekuwa binti wa shangazi yake, amegeuzwa yatima aliyechukuliwa kutoka kwa maskini wa Italia. Basi methali ile ina nguvu zote mbele ya Victor wa kwanza. Mbele ya wa pili yakutana na nyingine, kwamba ajali haina kinga.

La ajabu ni kwamba katika utangulizi wa 1831 Mary Shelley alidai kuwa alirekebisha zaidi mtindo wa lugha, bila kuingiza mawazo mapya. Mwanafunzi akiziweka kurasa sambamba ataona mwenyewe kwamba dai hilo halisimami. Hapo ndipo uhakiki unapoanza: kumheshimu mtungaji bila kumfanya shahidi wa mwisho juu ya kazi yake.

Yapo malalamiko ya haki kwamba muhula ni mfupi na vitabu ni vingi. Lakini si lazima matoleo yote mawili yasomwe tangu mwanzo hadi mwisho. Yatosha darasa lisome lote lile la 1818, kisha lilinganishe sura zinazosimulia utoto wa Victor hadi safari yake ya Ingolstadt. Kazi hiyo itafaa kuliko mihadhara mingi juu ya sifa za Uromantiki, ambazo hukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa mtihani ukiisha.

Wala manufaa yake hayaishii katika tarehe za uchapaji. Riwaya yenyewe imejengwa juu ya ushahidi uliopita vinywani: kiumbe amsimulia Victor, Victor amsimulia Walton aliyeongoza merikebu, Walton amwandikia dada yake, tena Victor aliyasahihisha maandishi ya Walton kwa mkono wake. Mshtakiwa, basi, amehariri kumbukumbu za kesi yake. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza ni toleo gani lililo mbele yake atauliza pia ni kinywa cha nani kinachomletea maneno ya yule asiye na jina. Asipouliza hayo, atamhukumu kiumbe kama walivyomhukumu wanakijiji: kwa kumwangalia uso tu.