Kikombe Kilichochelewa: Masimulizi Mawili ya Dereva Wendell Scott

Masimulizi ya mashindano yana hatari yake. Mwanzo wake hujulikana na mwisho wake hutazamiwa: mtu duni hudharauliwa, hujaribu, huanguka, huinuka, na mwishowe hushinda. Msomaji aliyelelewa katika tenzi anayo mazoea ya safari hii, kwa maana shujaa wa utenzi aghalabu hupita katika dhiki akafika katika faraja. Lakini msimu wa mbio za magari haukutungwa na mshairi. Wiki zake ni nyingi kuliko vilele vyake, na wingi wa wiki hizo hauna ushindi wala maafa. Una safari ndefu, gari bovu, nafasi ya kumi na mbili, na kurudi nyumbani. Swali la uhakiki ni hili: msimulizi atazifanyia nini wiki hizo?

Kazi mbili zilizosimulia maisha ya mtu mmoja zinafaa kupimwa kwa swali hilo. Ya kwanza ni filamu ya Kimarekani iitwayo Greased Lightning, iliyotolewa mwaka 1977 chini ya uongozi wa Michael Schultz, ambamo Richard Pryor aliigiza nafasi ya dereva Wendell Scott, na Pam Grier nafasi ya mkewe, Mary. Ya pili ni kitabu cha mwandishi wa habari Brian Donovan, Hard Driving, kilichotoka mwaka 2008. Filamu ilitengenezwa Scott akiwa hai. Kitabu kilitoka miaka kumi na minane baada ya kifo chake. Zote mbili zinampenda mtu huyo. Tofauti yake si ya mapenzi, bali ni ya mizani.

Mbio zenyewe ni za magari ambayo kwa umbo hufanana na yale yanayouzwa kwa watu wote, lakini yamefumuliwa na kuundwa upya kwa ajili ya mwendo. Zilistawi katika majimbo ya kusini ya Marekani, na chama kinachozitawala, NASCAR, kiliundwa mwaka 1948. Scott alizaliwa Danville, katika jimbo la Virginia, mwaka 1921. Aliendesha teksi, akatumikia jeshi Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa fundi wa magari katika mji wake. Usiku alibeba pombe ya magendo kwa gari lenye nguvu, na mwaka 1949 alikamatwa. Waandalizi wa mbio ndogo za Danville walipotaka dereva mweusi wa kuvuta watazamaji mwaka 1952, waliuliza polisi. Na polisi, waliokuwa wamemkimbiza mara nyingi, walijua jina la kutaja. Basi sifa yake ya kwanza ya udereva aliipata kwa watu waliotaka kumtia gerezani.

Katika mwaka huo wa kwanza Scott alikuwa dereva wa ridhaa kwa maana kamili ya neno. Alipopeleka gari lake Winston-Salem, na baadaye High Point, katika mbio zilizokuwa chini ya NASCAR, alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alirudi katika mbio ndogo, na siku chache baadaye akashinda huko Lynchburg, Virginia, katika mbio fupi za daraja la ridhaa. Kukataliwa mara mbili na kushinda mara moja, yote katika muda usiotimiza mwezi: hicho ndicho kipimo kidogo cha maisha yote yaliyofuata.

Baadaye alipata leseni ya chama, na mwaka 1961 aliingia katika daraja la juu lililoitwa Grand National. Kwa sheria hakuwa tena mtu wa ridhaa. Kwa hali, hata hivyo, ridhaa haikumwacha. Madereva wakubwa walikuwa na viwanda nyuma yao, mafundi wa kuajiriwa na injini za akiba. Scott alinunua magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine, akayatengeneza kwa mikono yake, na wanawe ndio waliokuwa mafundi wake kiwanjani. Mtaalamu hulipwa ili ashindane. Scott alishindana ili apate cha kulipia mashindano ya wiki ijayo. Ikiwa tairi lilipasuka, halikupasuka kwa hasara ya kampuni. Lilipasuka kwa hasara ya nyumba yake. Mhakiki asiyeuona uchumi huu hawezi kuelewa kwa nini dereva wa namna hii huendesha kwa hadhari pale ambapo mwingine angeendesha kwa fahari. Kufika mwisho na gari zima ni faida. Kuongoza mizunguko kumi kisha kuvunja injini ni msiba.

Tarehe 1 Desemba 1963, katika kiwanja cha njia ya udongo cha Jacksonville, Florida, Scott alikuwa na Chevrolet ya mwaka 1962 ambayo aliinunua kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Mbio zilikuwa za mizunguko 200, na kila mzunguko ulikuwa nusu maili. Ilipobaki mizunguko 25, alimpita Richard Petty, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika. Scott alimaliza, lakini bendera ya mshindi haikupepewa kwa ajili yake. Aliyetangazwa kuwa mshindi ni Buck Baker, naye ndiye aliyekabidhiwa kikombe. Scott alidai hesabu ipitiwe upya. Baada ya saa mbili hivi ilibainika kuwa alikuwa amewatangulia wote kwa mizunguko miwili. Alikuwa amekwisha kuzunguka mara 202. Wakati huo watazamaji walikuwa wamekwenda zao na kikombe kimekwenda pia. Ilisemwa kuwa ni kosa la wahesabuji. Scott mwenyewe aliamini kuwa wakubwa wa kiwanja hawakutaka mtu mweusi asimame mbele ya watu na kupewa busu la ushindi na binti mweupe aliyewekwa kwa desturi hiyo.

Hapa ndipo ilipo shida ya msimulizi. Mbio hizo zilikimbizwa mwaka 1963, lakini chama kilizihesabu katika msimu wa 1964, nazo zilikuwa za tatu kati ya mashindano 62. Ushindi pekee wa maisha yake katika daraja hilo ulikuja mlangoni mwa msimu, si kileleni. Ulikuja bila shangwe, na baada yake yalibaki mashindano 59. Mtungaji anayetaka hadithi ipande kama ngazi atafanya nini na ushindi uliokaa kwenye kidato cha chini, na ukiwa gizani?

Filamu ya 1977 inajibu kwa njia ya mkato: inaacha mpangilio wa mambo yalivyokuwa, na inafunga kwa ushindi mkubwa wenye shangwe. Jibu hilo halikosi mtetezi. Mtetezi atasema kuwa filamu si daftari. Kwamba ni kazi ya kuchekesha na kuburudisha. Na kwamba watazamaji weusi wa Marekani wa mwaka 1977 walistahili kumwona mtu wao akishangiliwa baada ya kuona kwa miaka mingi wengine tu wakishangiliwa. Hoja hii ina uzito. Sanaa ina haki ya kubuni, na furaha si dhambi. Tena Pryor anamwigiza Scott kwa ucheshi unaojizuia, kama mtu anayejua kuwa hasira yake ikionekana atafungiwa lango. Na katika kujizuia huko mna ukweli mwingi kuliko katika mbio zenyewe.

Lakini ubunifu huhukumiwa kwa kile unachokifuta. Filamu inapomvika Scott shangwe ya kubuni, inamlipia deni kwa sarafu isiyotumika sokoni. Mtazamaji hutoka akiwa ameridhika, naye huamini kuwa haki ilichelewa kidogo lakini ilifika. Ukweli ni kwamba haikufika. Aliyenyimwa kikombe Jacksonville ananyimwa mara ya pili hata shahidi wa kunyimwa kwake, maana aliyeona sherehe hataulizia sherehe. Wema wa namna hii unafanana na wa mtu amfichaye mgonjwa ugonjwa wake: unatoka moyoni, lakini hauponyi.

Kitabu cha Donovan kinashika njia nyingine. Mwandishi huyo alifanya kazi ya mtu wa habari: alimsikiliza Scott katika uzee wake, akawasikiliza waliomjua, wapenzi wake na wasiompenda, na akayapanga mambo kwa mfuatano wake. Hafichi pombe ya magendo wala hagezi kosa kuwa sifa. Muhimu zaidi, anazipa wiki zisizo na jina nafasi yake. Katika mpango huo msomaji anagundua kupanda ambako filamu haikuweza kukuona. Katika jumla ya pointi za msimu, Scott alikuwa wa 15 mwaka 1963, wa 12 mwaka 1964, wa 11 mwaka 1965, na wa 6 mwaka 1966. Msimu huo wa 1966 ulikuwa na mashindano 49, na bingwa wake, David Pearson, alishinda 15. Scott hakushinda hata moja. Hata hivyo huo ndio msimu wake bora kuliko yote, kwa sababu pointi hutolewa kwa anayefika, na kufika kila wiki kwa gari la mkono wa pili ni kazi ngumu kuliko kushinda mara moja kwa gari la kiwanda.

Msimu wa ushindi, basi, haukuwa msimu bora. Na msimu bora haukuwa na ushindi. Hiyo ndiyo siri ya kupanda na kushuka kwa dereva wa aina hii, na ndiyo inayovunja umbo la kawaida la hadithi ya shujaa. Kwa jumla Scott alianza mashindano 495 ya daraja la juu. Alishinda 1, akawa miongoni mwa watano wa kwanza mara 20, na miongoni mwa kumi wa kwanza mara 147. Msomaji wa haraka ataona hapo kushindwa mara 494. Msomaji wa makini ataona kuwa katika kila mbio kumi, zilikuwapo karibu tatu ambazo karakana ya baba na wanawe ilisimama katika kundi moja na nguvu za viwanda.

Haifai, hata hivyo, kukisifu kitabu kupita haki yake. Udhaifu wake ni udhaifu wa daftari. Mbio hufuata mbio, kiwanja hufuata kiwanja, na msomaji asiyejua mchezo huu huweza kuchoka kabla ya kufikishwa anakopelekwa. Filamu, kwa upande wake, ina uhai wa sauti na uso ambao karatasi haina. Yamkini kazi bora ingekuwa ile iliyochukua subira ya kitabu na pumzi ya filamu. Lakini ikiwa ni lazima kuchagua, uchovu wa msomaji wa ukweli una faida kuliko raha ya mtazamaji wa faraja, kwa kuwa uchovu huo wenyewe ni sehemu ya habari: hivyo ndivyo msimu ulivyokuwa.

Tofauti ya masimulizi haya hudhihirika kabisa katika miisho yake. Mwaka 1973 Scott alikopa fedha akanunua gari bora kuliko aliyoyazoea, kwa matumaini ya kushindana sawa na wakubwa. Mwezi Mei wa mwaka huo, huko Talladega, Alabama, magari mengi yaligongana kwa pamoja, naye akavunjika vibaya. Gari likaharibika, deni likabaki. Alirudi kiwanjani mara moja tu katika daraja hilo, mwezi Oktoba, akamaliza wa 12. Filamu inamwaga katika shangwe. Maisha yalimwaga katika nafasi ya kumi na mbili. Tena nafasi hiyo, kwa mtu aliyetoka katika majeraha yale, ina utukufu ambao shangwe ya kubuni haiwezi kuufikia. Ila yataka msimulizi aliyekwisha kumfundisha msomaji thamani ya nafasi ya kumi na mbili.

Scott alifariki mwaka 1990. Mwaka 2015 aliingizwa katika jumba la heshima la NASCAR. Mwezi Agosti 2021 jamaa zake walikabidhiwa kikombe cha Jacksonville, karibu miaka 58 baada ya mbio, aliyekishinda akiwa kaburini. Mwezi Oktoba wa mwaka uo huo Bubba Wallace akawa dereva mweusi wa pili kushinda katika daraja la juu, naye alishinda Talladega, mahali pale pale ambapo matumaini ya Scott yalivunjika. Mambo haya yametokea baada ya filamu na baada ya kitabu, lakini yamekuwa hakimu kati yake. Kikombe cha 2021 kilikuwa na maana kwa sababu tu wapo watu waliokumbuka kuwa hakikutolewa mwaka 1963. Lau watu wote wangeridhika na kikombe cha filamu, pasingalikuwa na wa kudai kile cha kweli.

Mwanafunzi wa fasihi akabiliwapo na hadithi ya mtu aliyepanda na kushuka, asiulize kwanza kama mwisho wake ni mtamu. Na aulize ni nani aliyeshika kalamu ya kuhesabu mizunguko, na kama msimulizi ameihesabu upya. Kushinda ni kazi ya dereva. Kuhesabu kwa haki ni kazi ya mwandishi. Na dereva aliyedhulumiwa hesabu uwanjani hana pengine pa kukata rufaa ila katika kurasa zake.