Namna ya Kuipima Bunduki Kongwe katika Nchi ya Maniema

Katika bidhaa zote zilizofika Maniema juu ya mabega ya wapagazi, tangu merikani na ushanga mpaka masango ya shaba, hapana iliyogeuza mambo ya nchi kwa haraka kama bunduki, wala hapana inayohukumiwa leo kwa upungufu wa maarifa kama hiyo. Maana mtu mmoja huisifu kwa kuwa inang'aa, na mwingine huisifu kwa kuwa ameambiwa ilikuwa mali ya Tippu Tip, ilhali kung'aa aghalabu ni dalili ya kuharibiwa, na jina la mtu mashuhuri ni jepesi kutamkwa na kila mwenye kitu cha kuuza. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayetaka kuijua silaha kama fundi aijuavyo kazi ya fundi mwenziwe, na kanuni yake ni moja: bunduki kongwe hupimwa kwa kuafikiana kwa sehemu zake. Kasiba, mtambo, mti, chapa na masimulizi ni kama mashahidi watano waliosimama mbele ya kadhi. Wakisema neno moja, kitu ni cha kweli hata kikiwa kibovu, na wakihitilafiana, kitu ni ghushi hata kikipendeza macho.

Zilivyofika

Nyangwe, katika ukingo wa mashariki wa Lualaba, ilikuwa soko kubwa kabla ya kuwa jina katika vitabu vya wasafiri. Livingstone alifika hapo mwaka 1871, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na wote walikuta bunduki mikononi mwa Waarabu na wafuasi wao Waungwana. Na Kasongo, kusini yake, palikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, ambaye mwenyewe, katika habari za maisha yake, aliihusisha lakabu yake ya Tippu Tip na mlio wa bunduki. Katika miaka ya 1860 na 1870, majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindilia mdomoni na kushika zile za kutia kiasi, yaani risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake, kwa nyuma, maelfu kwa maelfu ya zile za kale yaliuzwa kwa bei nafuu, yakashuka Unguja, yakapanda bara kwa njia ya Tabora na Ujiji. Balozi wa Uingereza kule Unguja alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka mmoja.

Kisha ukaja Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ambao ulizuia kuingizwa kwa silaha bora zenye mifereji ndani ya kasiba, ukaacha upenyo kwa gumegume, yaani bunduki za jiwe la moto, zisizo na mifereji na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Jambo hili sharti mtunzaji alishike sana, kwa kuwa lapindua mfuatano ambao akili huudhania: huko Ulaya gumegume ilitangulia, ikafuatwa na bunduki ya fataki, kisha ikaja ya viasi, walakini katika nchi hizi gumegume yaweza kuwa imeingia baada ya Snider, bunduki ya viasi, kwa kuwa sheria iliiruhusu. Basi ukale wa mtambo si ithibati ya ukale wa bunduki yenyewe.

Kasiba

Uanze na kasiba, na kabla ya kuitazama uhakikishe kwamba haina kitu ndani. Bunduki nyingi za kushindilia zimening'inizwa ukutani zikiwa na baruti yake, wakafa waliozishindilia, na wajukuu wasijue. Elekeza mdomo mahali pasipo na mtu, uutie mdeki taratibu mpaka ugote, utie alama mdomoni, kisha uupime kwa nje: ukikomea mbali na kitako cha kasiba, pana kitu, na kazi ya kukitoa ni ya fundi, wala si ya mpenzi wa vitu vya kale.

Kasiba njema ni nene nyuma na hupungua unene kwa mteremko mmoja usio na mabonde. Kasiba ya gobori la biashara huwa nyepesi kupita kiasi karibu na tundu la moto, na hapo ndipo zinapopasuka. Tazama kutu yake: ile ya hudhurungi, iliyotulia na kushikana na chuma, ni umri, nayo iachwe, ile nyekundu inayoacha unga kidoleni ni maradhi, nayo itibiwe kwa mafuta na kitambaa laini. Aliyeisugua kasiba kwa msasa hata ikawa nyeupe ameondoa chapa, ameondoa ngozi ya chuma, na hakuna fundi awezaye kumrudishia alichokipoteza.

Kasiba nyingine utaziona zina michoro kama mawimbi. Hizo hufanywa kwa fito za chuma na pua zilizosokotwa pamoja na kufuliwa juu ya nondo ya chuma, sanaa ambayo mafundi wa pande za Liège, Ubelgiji, waliifikisha kwenye upeo wake katika karne ya 19. Katika kasiba ya kweli mawimbi hayo yamo ndani ya chuma chenyewe na hufuatana bila kukatika. Katika ile ya hadaa yamechorwa kwa dawa, nayo hukoma ghafula palipofunikwa na mti.

Mtambo

Mtambo ndio unaotenga fundi mahiri na mfua vyuma wa kawaida. Vuta nyundo polepole usikilize: katika mtambo mwema kituo cha kwanza na cha pili hutoa sauti mbili safi zilizoachana, na baina yao springi hukaza kwa uzani ule ule; katika mtambo duni kuna kukwaruza, na nyundo huyumba upande kwa upande. Usiiachilie ipige patupu, maana chuma cha kale huvunjika kwa mzaha mdogo.

Hapa ndipo pia penye hila nyingi. Gumegume nyingi ziligeuzwa kuwa za fataki zilipopitwa na wakati, na ugeuzi huo, ukiwa umefanywa zamani, ni sehemu halali ya maisha ya bunduki. Utautambua kwa kutazama bamba la mtambo: matundu ya parafujo zilizoshika kisahani cha baruti na chuma cha kupigia jiwe yamezibwa, na alama za viraka huonekana ukielekeza bamba penye mwanga wa pembeni. Ubaya ni pale mtu wa siku hizi anapoirudisha ya fataki kuwa gumegume ili apandishe bei; hapo kisahani huwa kipya kuliko bamba, na vichwa vya parafujo vimechunwa na bisibisi isiyolingana nazo. Mwenye kuzoea hutazama parafujo kabla ya kutazama nakshi.

Mti

Mti wa bunduki njema ya Ulaya ni wa jozi, na thamani ya kazi huonekana mahali mti unapokutana na chuma: fundi wa kweli hulalisha bamba ndani ya mti hata ukucha usipate pa kuingia. Katika Maniema, ambako unyevu wa Lualaba huvimbisha mti na mchwa hawachagui, kitako cha asili kilichosalimika chote ni nadra, na mtunzaji mwenye insafu hakidai kama sharti. Kitako kilichochongwa upya kwa mti wa msituni, au shingo iliyovunjika kisha ikafungwa kwa ngozi mbichi iliyoshonwa ingali na maji ili ikikauka ibane kama chuma, au kasiba iliyozungushiwa masango, yote hayo ni kazi ya mafundi wa nchi, nayo ina haki ya kuhukumiwa kwa kipimo chake. Je, mshono umenyoka? Je, masango yamekazwa kwa nafasi moja? Je, kitako kimechongwa kulingana na bega na shavu la mtu? Atakayeondoa ngozi hiyo na kuweka kitako kipya cha Ulaya, akidhani anaipa bunduki heshima yake, ameinyang'anya sehemu ya maisha yake iliyo ya Maniema.

Chapa

Chapa husema mengi, na kwa hiyo hughushiwa sana. Taji na neno Tower, alama ya silaha za jeshi la Uingereza, juu ya bamba la mtambo humfurahisha mnunuzi asiyejua, lakini chapa hiyo iliigwa sana katika silaha za biashara, hata za Liège, kwa kuwa wanunuzi wa pwani na bara waliizoea na kuiamini. Haitoshi peke yake. Chapa yenye ushahidi mzito zaidi ni ile ya nyumba ya kujaribia silaha, ambako kila kasiba hupigwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida kabla ya kuruhusiwa kuuzwa: Birmingham ina nyumba yake tangu 1813, na ile ya Liège ni ya tangu karne ya 17.

Ya Liège ni duara refu lenye herufi E, L na G, na lina siri moja yenye manufaa makubwa kwa mtunzaji wa nchi hii: mwaka 1893 liliongezwa taji juu yake. Basi kumbuka kwamba Nyangwe ilitwaliwa na jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, na kwamba Tippu Tip alikwisha kushika njia ya kurejea Unguja mwaka 1890, wala hakurudi tena. Ukiletewa bunduki inayodaiwa kuwa yake, na juu ya duara la Liège pana taji, huna haja ya kubishana na muuzaji. Kasiba imekwisha kumkadhibisha.

Masimulizi

Shahidi wa tano ni kinywa cha mwenye nyumba. Usimwendee mzee kwa pupa ya bei; mwamkie, kaa, mwulize nani alirithi kwa nani, na nani aliitengeneza ilipoharibika, kwa maana majina ya kawaida ya baba na babu ni ushahidi wa kutegemewa kuliko jina moja kubwa. Habari ya kweli ina mapengo, na mwenye nayo hukubali kutojua. Habari iliyotungwa haina pengo hata moja.

Wala usiulize za mashujaa pekee. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, watu wenye bunduki waliwafyatulia wachuuzi, wengi wao wanawake waliokuja na samaki na mihogo, na wengine wengi wakazama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Livingstone alikuwapo, na idadi aliyopewa ya waliokufa ilizidi mia tatu. Silaha hizo hizo zilileta pembe na watumwa. Anayekusanya bunduki za zama zile bila kutaka kujua waliosimama mbele ya midomo yake amesikiliza upande mmoja tu wa kesi, na hukumu yake haiwezi kuwa sahihi.

Za kisasa

Bunduki za kuwindia za kaliba 12 kutoka Liège na Herstal, zilizoingia kwa wingi wakati wa Wabelgiji, zina vipimo vyao. Ile ya midomo miwili, zifungue kasiba zake, uzitundike kwa kidole na kuzigonga kwa ukucha: zikilia kwa mlio mrefu ulio safi, zimeunganishwa imara, zikitoa mlio mfu, ulehemu umeachia. Zielekeze kwenye mwanga na utazame ndani. Maduara ya nuru yasiyovunjika ni uzima, na duara lililopinda ni mbonyeo. Kisha zirudishe, uondoe kipande cha mti cha mbele, uitikise: ikicheza, bawaba imekwisha. Ile ya kujitia yenyewe aliyoibuni John Moses Browning, ambayo kiwanda cha FN cha Herstal kilianza kuifanya mwanzoni mwa karne ya 20, hupimwa zaidi kwa ulaini wa mwendo wake na uzima wa springi zake.

Kupiga shabaha

Hapa tahadhari ni kubwa kuliko ladha. Baruti isiyo na moshi ilibuniwa Ufaransa mwaka 1884, nayo ina nguvu ambazo kasiba za kusokotwa na kasiba za kushindilia hazikuumbwa kuzihimili. Kuitia humo ni kutafuta mauti. Bunduki kongwe ipigwe baada tu ya kukaguliwa na fundi wa silaha, kwa baruti nyeusi, kwa kipimo kidogo, na mahali palipoidhinishwa. Iliyo bora hukaa begani bila kulazimishwa, na jicho hufika kwenye ncha ya kasiba pasipo kupinda shingo. Na isiyo na mifereji isihukumiwe kwa shabaha ya mbali, kwa kuwa haikufanywa kwa hiyo. Iliyo nadra isipigwe kabisa.

Dhamana

Katika Kongo sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 hairuhusu mtu kuwa na silaha pasipo idhini ya mamlaka, na katika Kasongo na Kabambare, zilizoonja vita tangu 1996, mtunzaji apaswa kuwa wa kwanza kuitii. Silaha isiyo na hati usiinunue, hata ikiwa na uzuri wa namna gani, kwa maana hujui ilitoka mkononi mwa nani jana. Kila unayoitunza uiandikie daftari: vipimo, chapa na mahali zilipo, matengenezo, majina ya walioirithi na waliokusimulia. Ukiletewa mbili, moja yenye nakshi ya fedha na habari zinazogongana, na nyingine gobori lenye shingo ya ngozi ambalo kasiba, mtambo, mti, chapa na wazee wote wanaliafiki, chukua la pili bila kusita. La kwanza litakupa sifa mbele ya wageni, na la pili litawafundisha watu wa Maniema jambo la kweli juu ya nchi yao.